Nguo Zako za Kuingilia Tabora

Mpendwa mtani wangu Kibwana, Mzaramo wa Kisarawe mwenye maneno kuliko nguvu,

Kama uko hai, hujambo. Kama umekufa, pole, lakini habari hiyo mimi siipokei mpaka nione kaburi kwa macho yangu, na sababu yake utaikuta huko mbele.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Usicheke. Nimejifunza herufi mvi zimeshanifika masikioni, katika darasa la watu wazima linalofundishwa alasiri, na mwalimu amesema katika wazee wote wa mtaa wetu wa Ng'ambo hakuna anayeshika kalamu kwa nguvu kama mimi. Nimevunja penseli tatu. Mwanangu alitaka kuniandikia, nikakataa. Yako mambo ukiyasema kwa mdomo wa mtu mwingine yanatoka yamepigwa pasi, na mimi haya nataka yatoke na mikunjo yake. Nikimaliza nitaipeleka gazetini, maana sijui unakaa wapi, na gazeti linafika pwani upesi kuliko nilivyokuwa nikifika mimi, na mimi nilikuwa nafika upesi. Kwa hiyo mengine unayajua lakini nayaeleza tena, wasomaji wasije wakadhani nawaficha.

Shauri lenyewe ni nyumba.

Mwanangu Shija, kitindamimba, ni fundi katika karakana ya reli hapa Tabora. Ana mke, Monika, na watoto watano, na sote tunabanana katika nyumba yangu ya Ng'ambo, vyumba vitatu, niliyoijenga mwenyewe na ambayo haijawahi kuvuja mahali pakubwa. Sasa kuna nyumba inauzwa Lusangi, kituo cha reli upande wa mashariki, mwendo wa saa moja kwa treni. Watu wengi wa karakana na wa maofisini wanakaa huko siku hizi. Asubuhi wanapanda treni kuja kazini, jioni wanapanda kurudi kulala, na kesho yake hivyo hivyo. Shija anaitaka nyumba hiyo. Bei wameshaelewana na mwenyewe. Kilichobaki ni neno langu tu, maana amesema haniachi mzee peke yangu Ng'ambo, na Monika naye amesema nisipokwenda basi hakuna anayekwenda. Mwenye nyumba anataka jibu kabla mwezi haujaandama.

Nilikataa tangu siku ya kwanza, kabla sijaulizwa vizuri. Nikasema mimi nimekwenda pwani na kurudi kwa miguu mara sita, na kichwani nina mzigo, na katika safari zote hizo sijaona msafara unaorudi kambi ya jana. Ukiondoka kambini asubuhi, kambi ile imekwisha. Nikamuuliza Shija hao watu wa Lusangi asubuhi wanakwenda wapi.

"Kazini, baba."

"Na jioni?"

"Wanarudi nyumbani."

"Basi hawajafika popote."

Monika akaficha kicheko kwenye kanga. Yule mkwe wangu ana ulimi, ungempenda. Alisema baba anahesabu njia kwa nyayo kwa kuwa hajui kuhesabu kwa kitu kingine. Nikamwambia nyayo hizo ndizo zilizomlisha mumewe.

Kila walipoleta jambo jema la nyumba ile, mimi nilileta ovu. Wakisema bati, nikasema bati linapiga kelele mvua ikinyesha. Wakisema kisima, nikasema maji ya upande ule yana chumvi. Wakisema vyumba vitano, nikasema mchwa watakula vyote vitano. Mwisho Shija akaweka kikombe chake chini, akaniuliza kwa upole, na upole wake huo ndio ulionichoma.

"Baba, unakataa nini hasa?"

Nikasema mchwa.

Wewe unajua, Kibwana. Lusangi ni jina la kibao cha reli tu. Sisi tulipaita Kambi ya Mwisho.

Wasomaji wajue hivi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mtani akikutukana hukasiriki, akichukua kitu chako humdai, na siku ukifa yeye ndiye anayekuja msibani kufanya mzaha ili wafiwa wapate kupumua. Utani wetu ulikolea njiani, katika misafara ya wapagazi, kwa sababu tukitaka kufika pwani sharti tupite nchini kwenu, na ninyi mkitaka kula vizuri sharti mpande kwetu. Hapo unatikisa kichwa. Tikisa.

Safari ile moja tuliyokwenda pamoja, na ya kwanza kwako kupanda Tabora, ilikuwa wakati wa Mjerumani, reli bado ni maneno ya watu tu. Tulipanda kutoka pwani na mizigo ya tajiri mmoja, majora ya merikani. Mimi nilibeba mzigo ambao watu wawili waliukataa. Wewe ulibeba masufuria na mdomo. Na jioni nyingi tukishatua, nilisimama katikati ya kambi nikatangaza kwa sauti ya huzuni kwamba mtani wangu Kibwana amefariki, naomba mchango wa sanda. Watu walitupa matambara, maganda ya karanga, mmoja siku moja alitupa kiatu. Wewe ulikuwa umelala chali, miguu umeinyoosha, unapokea mazishi yako. Kisha unafufuka na kukusanya vyote. Jioni nyingine ulinitangaza mimi. Mpaka tunatoka Ugogo mimi nilikuwa nimekufa mara kumi na moja na wewe mara kumi na nne, na kirangozi wetu, yule aliyetangulia msafara, alisema hajapata kuongoza maiti wanaokula kama sisi.

Kambi ya Mwisho ilikuwa na kazi moja tu. Toka hapo hadi Tabora ni mwendo wa siku moja, na hapo kila mtu alioga na kuvaa. Mtu ametembea miezi mitatu na kipande cha kaniki kiunoni, siku hiyo anafungua kifurushi chake anatoa nguo aliyoitunza toka pwani. Kuingia Tabora na matambara ilikuwa aibu kuliko kuangusha mzigo. Wanawake walikuwa wanatoka kutazama. Tumebeba nguo za tajiri kichwani miezi mitatu, lakini siku ile moja tulivaa zetu.

Mimi sikuwa na ya kuvaa. Kule kambi ya Tura niliweka kifurushi changu chini, ukaniambia nikiinue maana udongo ule una mchwa, nikakwambia Mzaramo hawezi kunifundisha udongo. Asubuhi nikainua shuka langu, limebaki pindo. Ulicheka siku mbili. Siku ya tatu hukucheka, kwa sababu homa ilikuwa imekushika.

Ulifika Kambi ya Mwisho umeshikilia mzigo wangu kwa nyuma. Asubuhi ngoma ya kuingilia ilipoanza kupigwa hukuweza kuinuka. Kirangozi alisema uachiwe maji na chakula, Tabora ni karibu, watakuja watu kukuchukua. Wewe ukavuta kifurushi chako ukatoa ile kanzu ya melimeli na kile kilemba chekundu, ukanitupia.

"Vaa. Kesho utanirudishia hapa hapa, na uje na machela. Mimi siingii Tabora kwa miguu kama Mnyamwezi."

Nikasema kesho. Neno langu lilikuwa hilo moja.

Ninataka kukueleza tulivyoingia, kwa sababu hukuona. Bunduki zilipigwa, vigelegele, vumbi jekundu limesimama kama ukuta. Mimi nilikuwa wa tatu kutoka mbele, na hakuna siku niliyokuwa mzuri kama ile, hilo nalisema bila haya. Kalunde alikuwa amesimama pembeni mwa njia na mtungi wa maji. Alikuja kuwa mke wangu, tukazaa naye saba. Aliniambia baadaye kwamba alikichagua kilemba kwanza, halafu akatazama aliyekivaa.

Jioni ile tulipokaa kwenye pombe nikamwambia kirangozi kwamba Kibwana hali yake mbaya, nipeni watu wanne wa kubeba machela, twende kesho mapema. Wakacheka. Mmoja akafungua tambara kiunoni akanirushia usoni, akasema hiyo sanda. Nikasema tena, safari hii nimesimama. Wakacheka zaidi. Wakasema leo Maganga ameigiza vizuri, tazama, mpaka machozi yanamlengalenga.

Nami, Kibwana, nikacheka nao.

Miaka yote hii nimeligeuza hilo upande huu na upande ule. Nimejiambia hawakuniamini, ningefanya nini. Lakini mtu aliyebeba mzigo wa watu wawili kutoka pwani angeshindwa kumbeba Mzaramo mmoja mwembamba? Ningekwenda peke yangu. Kesho yake nililala. Kesho kutwa kulikuwa na ngoma. Siku iliyofuata nilikwenda kwao Kalunde, na kanzu yako mwilini. Nilikuja siku ya tisa. Nilikuta majivu, mafiga matatu, na kata yako ya maji imepasuka. Upande wa kaskazini niliona moshi wa kijiji, karibu kabisa, ningepiga kelele wangesikia. Sikwenda kuuliza. Niliogopa jibu.

Watu niliwaambia kanzu nimenunua Bagamoyo. Ilipochakaa Kalunde aliikata, na Shija amebebwa mgongoni kwa kipande chake. Kilemba kipo sandukuni. Kalunde amefariki akijua ni cha Bagamoyo. Na mimi nafsi yangu ilipokuwa ikinisumbua, niliijibu kwamba mtani huchukua kitu cha mtani, wala hadaiwi. Nimejificha nyuma ya neno hilo karibu miaka hamsini, na ni neno fupi, miguu ilikuwa inaonekana.

Sasa unaona kwa nini nilisema mchwa.

Lakini swali la Shija halikutoka. Na mimi, unanijua, kitu nisichokijua kinaniwasha kama upupu. Nikawa najiuliza watu hao wanaishije pale. Wanalala wapi, penye boma letu la miiba au juu ya lile jiwe la kambi? Wanajua pale pana nini? Siku moja nikachukua fimbo nikasema nakwenda kuipima nyumba. Shija akasema treni ipo. Nikamjibu siendi kupima nyumba kwa makalio. Nikaenda kwa miguu, nikafuata njia yetu ya zamani kando ya reli, inaonekana bado, imedidimia kama mgongo wa ng'ombe mzee. Nilipumzika mara mbili tu. Hiyo ya tatu nilikuwa natoa mwiba. Nilifika jua limeanza kushuka, na goti langu la kushoto, lile uliloliita kibuyu, limeshakuwa kibuyu kweli.

Mwenye nyumba ni mama mmoja mtu mzima, jina lake Bi Nyanzala. Anauza kwa sababu mwanawe anamtaka Nzega akalee wajukuu. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, nikaanza kazi bila kukaa. Niligonga kuta zote kwa fimbo. Matofali ni ya kuchoma, yanalia vizuri. Nililala chini sakafuni nione kama inainama, haiinami. Nilinusa udongo wa nyuma. Niliyaonja maji ya kisima, nikatafuta chumvi, nikayaonja tena, chumvi haikuwepo. Nikamuuliza upepo wa kiangazi unatoka wapi na moshi wa jikoni unakwenda wapi. Nikatafuta mchwa kwenye kila mlango, nimepiga magoti. Bi Nyanzala alikuwa barazani anapepeta mtama, akasema mzee, wengine wote walikuja wakauliza bei tu, wewe unaitazama kama unaioa. Nikamwambia nimeshaona wengi waliooa bila kutazama.

Kisha treni ya jioni ikaja. Nilisimama barazani nikaitazama, maana hicho ndicho nilichokuja kukiona. Wakashuka wengi, wengine na masizi mikononi, wengine na karatasi kwapani. Watoto walikimbia kuwapokea. Mwanamke mmoja alimwambia mumewe amechelewa, na yeye akamwonyesha treni, kana kwamba ni mtoto wake ndiye aliyechelewa. Wote walitawanyika, kila mmoja kwenye mlango wake, na ndani ya dakika chache moshi ulikuwa unapanda kila mahali. Walisema asubuhi tutarudi, na wamerudi. Hakuna aliyewashangaa isipokuwa mimi. Nikajikuta nawahesabu kama kirangozi anavyohesabu watu wake, na nilitaka sana kujua kama kuna aliyepungua.

Hapo nikauliza. Nilianza mbali. Nikasema hapa zamani palikuwa kambi. Akasema ndiyo, boma lilikuwa pale lilipo tangi la maji la reli. Nikasema misafara mingine ilikuwa inaacha wagonjwa. Akasema ndiyo, ilikuwa inaacha. Nikasema hivi hakuwahi kuachwa Mzaramo mmoja, kijana, mwenye maneno mengi?

Akasimamisha ungo wake.

"Alikufa," akasema.

Nikakaa kizingitini. Nilikuwa nimetembea na jibu hilo miaka hamsini na bado lilinikuta sijajitayarisha. Nikamuuliza amezikwa wapi. Yeye akaweka ungo chini taratibu, akapangusa mikono.

"Nitakuonyesha. Kwanza niambie, sanda umeleta?"

Nikasema sina. Akainama akatazama goti langu la kushoto, akalitazama vizuri, halafu akashika nguzo ya baraza akaanza kucheka. Alicheka mpaka jirani akachungulia. Akasema wewe ndiye Maganga.

Mtani wangu, jamaa zako wa Lusangi wamekutunzia mzaha wako muda wote huo. Bi Nyanzala alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Mama yake ndiye aliyekuokota, siku ya tano, akakuweka nyumbani kwao, na yeye mtoto ndiye aliyekuletea uji. Alisema ulikuwa ukimtukana kila mmoja, hata homa ilipokupanda, na ndipo mama yake akasema huyu atapona. Ukakaa mvua zote hadi mahindi mabichi. Ulipoondoka uliwaagiza wote wa nyumba ile: akija Mnyamwezi mmoja mwenye goti kama kibuyu kuniulizia, mwambieni nimekufa, na mumdai sanda. Mama yake alipokuwa anafariki alimkumbusha. Usisahau yule wa sanda.

Nilicheka, Kibwana. Nilicheka huku nimefunika uso, na Bi Nyanzala aliniacha nicheke hivyo hivyo mpaka nikamaliza.

Halafu alinieleza na mengine, ambayo hayakuwa mzaha. Kwamba siku za kwanza, kabla hawajakuhamisha, uliburuta mkeka wako hadi njiani, na kila jioni walikuona umekaa unaangalia upande wa Tabora. Wakikuuliza, unasema anakuja. Siku ya nne hukwenda kukaa. Akaniuliza kama nilikuja. Nikamwambia siku ya tisa. Akasema tulikuwa pale, na akanyoosha mkono tu, hata kuinuka hakuinuka. Nyumba ya mama yake ilikuwa hapo hapo ilipo jiko lake sasa. Nilisimama siku ile na kata iliyopasuka mkononi, na wewe ulikuwa unakunywa uji mahali ambapo ningekufikia kwa kutupa jiwe.

Nikamuuliza ulipopona kwa nini hukuja Tabora, mwendo wa siku moja, ukanipiga. Akasema walikushauri hivyo. Ukawajibu: "Nguo zangu za kuingilia zimeshaingia. Mimi nitaingia na nini?" Ukafuata msafara ulioshuka pwani, na shuka la mama yake kiunoni. Umefika mlango wa Tabora ukarudi bila kuiona.

Tangu siku hiyo nina maswali, na usiku sina pa kuyaweka. Ulifika Kisarawe? Uliwaambia nini kwenu kuhusu Tabora, ulikubali kwamba hukuiona au uliizua? Najua uliizua. Uliipa milango ya dhahabu, au ulisema ni kijiji cha vumbi? Ulioa? Una mtoto uliyempa jina langu ili upate wa kumtukana kila siku? Mimi nilimpa mwanangu wa kwanza jina lako. Kalunde aliuliza Kibwana ni nani, nikasema ni mtu niliyemzika mara kumi na nne. Alidhani ni utani.

Bi Nyanzala alinipa chumba cha mbele nilale. Asubuhi nilitoka mapema nikakaa karibu na kituo, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho Shija hakuniambia, kwa kuwa yeye hawezi kukiona. Wale watu walitoka kila mlango na ndoo, wakanawa. Wakavaa mashati meupe yaliyopigwa pasi. Mmoja alisimama kando ya reli akafuta vumbi la viatu vyake kwa jani, wa pili akamwekea mwenzake kola sawa. Mmoja alikuwa hana tai, akaulizia, na mwenzake akafungua begi akampa, akamwambia jioni nirudishie.

Kumbe ni pale pale. Bado ni mahali watu wanapovalia kwenda Tabora. Hakuna aliyewafundisha, na wanafanya.

Nikapanda nao. Niliogopa kidogo kwamba watanicheka na shuka langu la vumbi, lakini walinipisha dirishani na yule mwenye tai ya kuazima alinisalimia shikamoo. Nilimtazama njia nzima. Nilitaka nimwambie usisahau, nikaona si kazi yangu.

Treni ilipofika Tabora, Shija alikuwa ng'ambo ya pili ya reli anaingia karakanani. Akaniona nashuka katikati ya wale wafanyakazi, na fimbo yangu, nimenyooka. Akaja mbio.

"Shikamoo baba. Umetokea wapi?"

"Marahaba. Nimekuja kazini."

Akanitazama, akaelewa anachezewa, lakini hakujua mchezo gani. "Na jioni?"

"Narudi nyumbani," nikamwambia. "Inunueni."

Nilimweleza yote siku ile ile, mbele ya Monika, na kilemba nikakitoa sandukuni nikakiweka mkekani. Nilidhani Shija atanihukumu, nikakaa tayari. Yeye alikishika kilemba kwa vidole viwili akauliza kama mwenyewe yu hai. Nikasema sijui. Monika ndiye aliyesema, kwa ulimi wake ule, kwamba basi chumba cha mbele si cha baba, ni cha mgeni, na baba atakaa cha nyuma karibu na jiko, ashike adabu. Hakuna aliyebisha. Hata mimi sikubisha, na mimi nabisha hata na jua.

Tunahama mvua hazijaanza. Mchwa wapo, nimewaona kwenye kizingiti cha nyuma, ila sikumwambia Shija, nitawamaliza mwenyewe. Siku ya kwanza nitakivaa kilemba chako, nitapanda treni ya asubuhi, nizunguke soko la Tabora nionwe na kila mtu. Jioni nitarudi nacho Kambi ya Mwisho, siku ile ile, kama tulivyoagana. Nimechelewa, najua. Sikuombi uniambie si neno. Wewe ni mtani, sema unavyotaka, lakini uje useme ukiwa umesimama mbele yangu. Kanzu nitakushonea nyingine ya melimeli, kipimo chako ninacho, maana nimeivaa. Utaoga kisimani, maji hayana chumvi. Utavaa, tutapanda treni asubuhi, na mimi nitatangulia nikipiga kelele watu watoke watazame.

Na kama wanao watasoma haya wakaniandikia kwamba umekufa, waambie nimesema hivi: habari hiyo naijua, nimeitangaza mwenyewe mara kumi na nne, na mara zote mtu huyo aliinuka akala. Sanda sichangi.

Kila treni ya jioni kutoka pwani ikisimama nitakuwa barazani, goti limenyooka, nawahesabu wanaoshuka.

Ni mimi mtani wako Maganga, mvaa nguo zako, ninayekaa njiani sasa nikiangalia upande wenu.